Kunguru wa Mombasa Walivyonichoma

Mtu wa Likoni, ng'ambo ya feri tu, akiambiwa "Jambo!" ndani ya Mombasa, ajue heshima yake imekwisha. Jambo ni ya wazungu. Sisi kwa sisi ni "Vipi?", "Salama?", na mwenye mvi anapewa shikamoo yake. Lakini Ijumaa ile nilishuka Mwembe Tayari na begi lililonipita kichwa, kofia ya pama, shati limekuwa rangi ya udongo wa Voi, na kijana wa tuktuk ambaye labda tumesoma madrasa moja akanichangamkia: "Jambo, rafiki! Fort Jesus? Mia tano tu!"

Mia tano! Kutoka Mwembe Tayari, hapo tu! Kwa pesa hiyo nataka nibebwe mgongoni na niimbiwe.

Nilikuwa natoka safari ya peke yangu, siku kumi na mbili. Nilivuka mpaka wa Tanzania pale Lunga Lunga, nikashika Tanga, nikapanda Lushoto kwenye baridi, nikazunguka Moshi, nikarudi kwa Taveta na Voi. Hizi safari za begi mgongoni husifiwa sana, ila wanaozisifu huishia katikati. Siku za kwanza unapiga picha. Za mwisho unapiga hesabu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: shilingi 1,140 za Kenya na 7,000 za Tanzania. Elfu saba, ukiitamka polepole, inatia moyo kabisa. Duka la kubadilisha pesa likaniambia hizo ni kama mia tatu na kitu, na noti ndogo ndogo hawachukui. Mahali pekee palipopokea shilingi yangu ya Tanzania bila maswali ni sanduku la sadaka pale msikiti wa Mackinnon Road. Dereva wetu alisimama kama madereva wengi wa njia ile wanavyosimama, nikatumbukiza elfu moja nikiomba tufike salama. Tulifika salama, lakini kwa pancha mbili, na saa nzima Mariakani nyuma ya malori. Nadhani dua ilihesabiwa kwa bei ya kubadilisha pesa ya siku hiyo.

Sasa utaniuliza, mbona usiende nyumbani, si umefika? Ndugu yangu, hujui maskani yetu, kile kijiwe chetu cha Likoni. Siku naondoka nilisimama mbele ya wanaume wazima nikatangaza kwamba narudi Jumapili jioni, si kabla. Wakacheka. Mmoja akasema Ijumaa haitapita kabla sijarudi. Na mimi, kwa kisirani changu, nimefika Ijumaa! Ningevuka feri siku hiyo, ningeitwa Ijumaa mpaka nazikwa.

Basi nikajificha ndani ya mji niliozaliwa. Siku mbili. Feri ya Likoni kwa mtembea kwa miguu ni bure, kwa hiyo usafiri pekee nilioumudu ndio huo ambao sikuweza kuupanda, maana Likoni yote hupita pale. Nikachukua gesti ya mia nne nyuma ya Mji wa Kale. Chumba kina feni yenye spidi moja tu, nayo ni ya kelele, upepo hauna. Saa tano usiku stima ikapotea, hata kelele nikazikosa. Lushoto nililala chini ya mablanketi mawili nikilaani baridi. Usiku ule ningeilipia baridi ile kwa bei ya mtalii.

Jumamosi nikatalii. Utafanyaje na siku nzima na begi? Fort Jesus niliiona mara ya mwisho darasa la tano, tumepangwa mistari. Wareno waliianza 1593, na nikiegemea ukuta wake kutafuta kivuli nilikubali kwamba jamaa walijua kujenga, ila kwa nini hawakuweka bomba la maji ya baridi pale nje sijui. Ndani sikuingia. Kiingilio cha mwananchi si kikubwa, lakini mwananchi mwenyewe alikuwa na njaa.

Alasiri nikateremka ufukweni Mama Ngina. Nikanunua mihogo ya kukaanga, ikapasuliwa, ikapakwa pilipili na ndimu mpaka machozi yakanitoka, nikakaa ukutani naitazama Likoni ng'ambo ya mlango wa bahari. Karibu vile, nilihisi nasikia harufu ya mchuzi wa mamangu. Kunguru wawili wenye shingo ya kijivu wakatua pembeni yangu, macho kwenye muhogo. Kunguru wa Mombasa haombi, anakusubiri uzubae.

Hapo simu ikaita. Mama ameandika: "Uko wapi, mwanangu?" Badala ya kuandika, mimi mjuaji nikarekodi sauti. "Niko Moshi, mama! Kilimanjaro nauona huu hapa mbele yangu!"

Jibu halikuchelewa.

"Hao kunguru wa Moshi mbona wana lafudhi ya Mombasa? Na hiyo honi, ni meli yapanda mlima?"

Nikatazama. Kweli, meli ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, kubwa kama mtaa. Sijajibu, ya pili ikaingia: "Shangazi yako alikuona jana Mwembe Tayari. Alinyamaza, alidhani una mwanamke. Nimekutumia mia mbili. Pita Marikiti ulete nazi mbili na ndimu kumi. Ndoo nyumbani, mchuzi wapoa. Na chenji naijua."

Nina miaka 34.

Nikanunua. Nikaingia feri na umati wa jioni, kichwa chini, kofia mpaka puani. Ningepita bila kujulikana kama si lile begi la mtumba la Kongowea. Tulipofika ng'ambo, watu wanakimbilia matatu, mkanda ukakatika katikati ya mteremko. Ndimu zikashuka mbio kurudi baharini, nami nyuma yake, na nyuma yangu sauti ninayoijua vizuri, ya maskani: "Huyo! Si tulisema Jumapili hatoboi?"

Niliokota tisa. Mama alizihesabu kwanza, ndipo akanisalimia.