Redio Haisikii? Acha Antena Kwanza

Juzi nilikuwa juu ya paa la kibanda cha pampu kule Riat, jua la Kisumu likinichoma kisogo, mama mwenye shamba akinipigia kelele kutoka chini: "Fundi, si tununue tu antena kubwa?" Swali hili naulizwa kila wiki. Redio hizi ndogo za kutumiana data shambani zikinyamaza, watu hukimbilia antena, kisha nguvu ya kutuma, na mipangilio huguswa mwisho kabisa. Mimi naanza na mipangilio.

Tangi lake liko juu kilimani, pampu iko bondeni. Redio ya tangi huituma hesabu ya maji, ya pampu huipokea na kuamua kuwasha au kuzima. Ile ya tangi iliungua siku ya radi, nikaweka mpya yenye chipu ya SX1262. Ya pampu ilibaki SX1278 ya zamani. Masafa yalikuwa yale yale, 433 MHz. Kimya.

Redio hizi ni za LoRa, mtindo wa kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo, nazo hutanguliza kila ujumbe kwa neno fupi la kutambuana, kama hodi mlangoni. SX1278 huliandika kwa baiti moja, 0x12. SX1262 hutaka baiti mbili, na hodi ile ile huko huandikwa 0x1424. Mimi nilikuwa nimebahatisha 0x1212. Mwenyeji alisikia hodi ya mgeni asiyemjua, akakaa kitako. Aliyefunga ni mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Niliporekebisha, ujumbe ukaanza kufika, ila kwa kudonadona. Hapo ndipo usikivu unapoingia, na ndipo mafundi wengi hukosea kwa pupa. Wanapandisha SF, yaani kipimo cha jinsi ujumbe unavyonyooshwa kwa muda hewani, hadi 12, basi, wanaenda nyumbani. Ni kweli SF12 husikia sauti hafifu mno: kwa upana wa mkondo wa masafa wa 125 kHz, SX1262 hufika karibu -137 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyozama chini ya sifuri, ndivyo sauti ilivyo hafifu), wakati SF7 huishia karibu -124. Lakini usikivu huo hulipiwa kwa muda. Ujumbe wa baiti 10 unaomaliza safari kwa milisekunde 41 kwenye SF7 hukaa hewani karibu sekunde nzima kwenye SF12. Betri ya tangi inaumia, na shamba la jirani likiwa na redio za aina hiyo kwenye masafa hayo, mnaanza kukatizana maneno. Tena pande zote mbili lazima ziwe na SF ile ile na upana ule ule. Ukibadilisha bondeni ukasahau kilimani, utaupanda mlima mara ya pili kwa miguu. Nimeupanda.

Kwa mama huyu SF9 ilitosha, kwa sababu adui wa kweli alikuwa ukutani: chaja ya simu ya bei ya chini, imechomekwa sentimita chache kutoka kwa redio. Nilipoichomoa, kelele kwenye kipimo zilishuka papo hapo. Ukipandisha SF bila kuondoa kelele kama hizo, unazilipia kwa muda kelele ambazo ungezichomoa tu, basi.

SX1262 ina jambo jingine linalopitwa na wengi. Ikitoka kiwandani, kipokezi chake kimewekwa katika hali ya kubana umeme. Ukiandika 0x96 kwenye rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya chipu) ya 0x08AC, unapata usikivu zaidi kidogo kwa gharama ndogo ya umeme. Ila moduli ikilala na kuamka husahau, isipokuwa umeiagiza iikumbuke rejista hiyo. Kuna fundi atakayeapa kwamba redio yake husikia asubuhi na kuziba masikio mchana. Ningeanza kwa kumuuliza kama huwa anailaza.

Siku hizi sifungi boksi kabla ya kuandika kila kitu kwenye kadi kwa kalamu isiyofutika: masafa, SF, upana, neno la hodi, kama CRC, ile hesabu ya kukagua kama ujumbe umefika bila kuharibika, imewashwa. Kadi naibandika ndani ya kifuniko, palipokuwa na kiota cha nyigu. Kijana wa mama aliipiga picha kwa simu, akaitazama sana, kisha akaniuliza 0x1424 ni Lipa na M-Pesa ya duka gani.