POP3 au IMAP: barua za ofisi zikae wapi?

Ofisi nyingi ndogo za Dar es Salaam, za mawakala wa forodha kule Mtaa wa Samora au za waagizaji wa Kariakoo, hutumia anwani moja ya baruapepe inayosomwa na watu kadhaa. Ankara ya muuzaji wa Guangzhou huingia humo, hati za shehena pia. Fundi anapofunga kompyuta mpya huchagua POP3 au IMAP, itifaki (kanuni) mbili ambazo programu ya barua hufuata kuchukua barua kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma zinakofikia, kwa dakika moja, mara nyingi bila kumuuliza mwenye ofisi, na uchaguzi huo ndio unaoamua nani ataiona barua na nani hataiona.

POP3 ilizaliwa mwaka 1988, enzi ambazo mtu aliunganisha mtandao kwa simu ya mezani, akachukua barua zake na kukata. Kazi yake ni kuzihamisha: programu huorodhesha barua, huzipakua nzima pamoja na viambatisho, kisha, isipokuwa imeambiwa ziachwe, huagiza seva izifute. Seva hufuta pale tu programu inapoaga rasmi. POP3 haijui folda, wala haijui barua ipi imesomwa. Ulichotuma kinabaki kwenye kompyuta uliyotumia.

IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986 huko Stanford, huacha barua kwenye seva na kila kifaa hutazama hapo hapo. Karani akimjibu mteja, alama ya kujibiwa inaonekana hata kwenye simu ya bosi aliyekwama foleni ya Ubungo. Kwa ofisi yenye anwani ya pamoja, sioni hoja inayoishinda hii.

Wapo wanaosema POP3 huokoa bando. Hapo sikubaliani nao moja kwa moja. Kiambatisho kikigeuzwa kuwa maandishi kwa ajili ya safari huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja, na POP3 ikichukua barua hukichukua chote, hata kama ni katalogi usiyoihitaji. IMAP inaweza kuleta kichwa cha barua na maandishi tu, faili likasubiri hadi uliguse. Lakini programu ya IMAP ikipangwa kuhifadhi kila kitu kwenye kila kifaa, vifaa vitatu vitapakua mzigo ule ule mara tatu, na akiba yote inapotea. Kwa hiyo bando huokolewa na mipangilio kuliko itifaki yenyewe.

Watetezi wa POP3 wana hoja nzito zaidi kwingine. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti kuyumba nchini, aliyekuwa na barua zake ndani ya kompyuta aliendelea kuzisoma, wakati aliyekuwa na vichwa tu aliambulia vichwa. Pia vifurushi vya bei nafuu vya seva huwa na nafasi finyu. Sanduku la IMAP likijaa, barua mpya zinakataliwa, na mteja anadhani umemdharau. Halafu kuna jambo linalosahaulika: IMAP si hifadhi ya akiba. Karani akifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kwa wote.

Hata hivyo, hatari ya POP3 ni kubwa zaidi kwa biashara. Kumbukumbu za miaka zikiwa kwenye laptopu moja, mwizi mmoja au diski moja iliyokufa inatosha kuzimaliza. Ningechagua IMAP kwa kazi za kila siku, kwa mlango wa mtandao (port) namba 993 wenye usimbaji fiche, unaozuia wengine kusoma barua zikiwa njiani, pamoja na kompyuta moja ya ofisini inayohifadhi barua nzima na kunakiliwa kwenye diski ya nje kila wiki.

Ofisi inayohama kutoka POP3 isiifute akaunti ya zamani kwanza. Fundi afungue ya IMAP kando yake, ahakikishe nafasi ya seva inatosha, anakili folda za zamani kwenda huko moja moja, kisha afungue barua chache kwenye kifaa kingine kuona kama viambatisho vyake vimefika.