Presha sio kila kitu kwenye roketi za maji jamani

Yaani ukikuta watu wanapiga stori za roketi za maji, zile chupa za plastiki unazotia maji kidogo, unazigeuza mdomo chini na kuzijaza upepo kwa pampu, ukiachia maji yanachomoka na chupa inaruka, ni ubishi wa presha tu, we umejaza ngapi, mi nimefika psi 80 (psi ni kipimo cha presha), mwingine anasema yeye amepeleka chupa gereji ikajazwa kwa kompresa, na mi naona huko ni kupotea kabisa, maana roketi nyingi zinazopinduka hewani zilikuwa na upepo wa kutosha tu, kilichokosekana ni uzito wa mbele.

Iko hivi. Ukishaiachia, maji yote yanatoka hata sekunde haijaisha, baada ya hapo chupa inakula mwendo iliokwisha pata. Sasa chupa tupu ni nyepesi mno, ikikutana na hewa kasi inakata hapohapo, na kama uzito umebaki nyuma ndo inaanza kuyumba. We bandika udongo wa mfinyanzi kidogo puani, weka mabawa matatu ya plastiki ngumu huku chini karibu na mdomo, halafu uone. Kuipima rahisi: bila maji, funga kamba pale inapobalansi, izungushe juu ya kichwa, pua ikitangulia iko poa, ikienda kinyumenyume ongeza udongo.

Na maji msijaze nusu chupa mkidhani ndo petroli! Nguvu iko kwenye ule upepo uliobanwa, maji ni ya kusukumwa tu, theluthi inatosha, yaani chupa ya lita 1.5 weka kama nusu lita.

Chupa iwe ya soda, imetengenezwa kuhimili gesi, zile za maji ya kunywa zinabonyea hata mkononi. Mabawa funga na selotepu, gundi ya moto inalainisha plastiki na chupa inakuja kupasukia hapohapo. Pampu ya baiskeli yenye geji, psi 40 au 50 basi, kamba ya kuachilia iwe ndefu na watoto wakae nyuma yako.

Parachuti ndo kazi sasa. Zamani unakata mfuko wa rambo maisha yanaenda, ila toka Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 mi natumia kitambaa cha mwamvuli mbovu, kizito kweli, lakini si kinakunjwa puani, kwa hiyo hata udongo napunguza.