Mvua ni Baraka, Lakini Mbuzi Wangu Hajaambiwa

Hapa Malindi mtu akililalamikia jua, watu watamsikiliza, watamsogezea kiti na maji ya mtungini. Akiilalamikia mvua, ananyamazishwa papo hapo. "Shukuru, bwana! Wenzako Ganze wanaililia." Kweli wanaililia, na mimi naomba inyeshe huko kwanza, tena kwa nguvu, tena kuanzia usiku huu, ikibaki ndiyo itufikie sisi wa mtaa wa Barani. Lakini mvua haipangiwi. Inawapita wenye kiu, inakuja kujimwaga juu ya mtu mwenye banda la kuku.

Mimi ndiye mwenye banda la kuku. Nyuma ya nyumba nina kiploti, ukisimama mlangoni ukatema kokwa la embe litamfikia wa jirani. Humo humo mna kuku, mbuzi, mpapai, mwarobaini, matuta ya mchicha na bamia, na sasa kuna bata, ambao si wangu, nitawafikia. Ndugu zangu wa Magarini wakija huangua kicheko, ati hili si shamba, ni ua wa kuanikia nguo. Watu wa mjini nao wananiita "mkulima" na kuniomba papai. Yaani kodi ya mji nalipa mimi, na kinyesi cha mbuzi nazoa mimi.

Kiangazi sina neno. Nakaa barazani na kikoi changu, natazama mali. Balaa huanza Aprili, upepo wa kusi ukishaingia na masika ikifuata. Halafu Mei, sitaki hata kuisikia, ndiyo mwezi wenye mvua kuliko yote huku kwetu. Mtoto wangu alifundishwa shuleni kwamba Vasco da Gama alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498, akapewa rubani, na kabla mwezi haujaisha akashika njia ya Bara Hindi. Kitabu kinasema alikuwa akiuwahi upepo. Mimi nasema aliambiwa habari za Mei. Mtu mwenye akili, kajenga mnara wake akaondoka, sisi tumebaki na matope.

Tuanze na mbuzi. Kitabu hicho hicho kinasema mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Twiga! Kavuka bahari nzima na shingo yote ile. Mbuzi wangu anatakiwa avuke kidimbwi kimoja tu kati ya banda na majani yake, hataki. Anakitazama kile kidimbwi, ananitazama mimi, analia kama mjane. Ikabidi nimbebe. Mtu mzima, nimeoa, nimejaaliwa watoto, nimevaa champali moja kwa sababu ya pili imemezwa na tope, nimempakata beberu kifuani, na jirani anapita na mwavuli: "Mashallah, mwaka huu neema!" Nikaitikia alhamdulillahi. Ningesema nini, na pembe imo puani?

Siku hizi beberu keshajua raha. Wingu likitanda tu anapanda barazani, anakaa mahali pangu, anacheua. Wageni wakija wanamwamkia kwanza yeye.

Kuku nao wamesusa kutaga. Jogoo, kwa lile giza la mawingu, anawika saa nane mchana na alfajiri analala. Na maranda ya bandani hayatakiwi kulowa, yakilowa tu vifaranga wanaharisha damu, unawazika mmoja mmoja. Basi lazima yabadilishwe kila mara. Wakati wa jua yule seremala alikuwa akiniita mwenyewe, "Njoo uniondolee uchafu huu." Mawingu yalipoingia uchafu ukawa bidhaa. Anapima kwa gunia, na gunia hashindilii.

Ndani ya nyumba ndiyo usiseme. Kamba ya nguo imehamia sebuleni. Ukitaka kwenda jikoni unainama kwenye sare za shule, unapinda kwenye shuka, unatokea kwenye kaptura yangu. Mama watoto kaweka seredani katikati ili nguo zikauke, lakini mkaa wenyewe umepigwa mvua, unatoa moshi bila moto. Nguo zinaingia zikinuka uvundo, zinatoka zikinuka uvundo na moshi. Juzi nilipanda tuktuk, abiria mwenzangu akauliza nani kabeba ng'onda.

Na ng'onda huyo bora angekuwepo! Kusi ikikaza bahari inachafuka, vyombo vinafungwa, samaki mbichi anayepatikana anauzwa bei ya dhahabu. Ukienda ufukweni unaiona bahari imegeuka rangi ya udongo, mto Sabaki unashusha tope lote la bara. Kwa hiyo tunakula mboga. Mchicha wangu umeliwa na konokono, wale wakubwa wanaokaribia ngumi ya mtoto. Nilichopanda kimeoza, nisichopanda, mchunga, kimestawi ukutani hadi kinapendeza. Nao mke wa jirani anauchuma kwa upande wake, anauweka nazi, harufu inaletwa kwangu na upepo.

Huyu jirani tumzungumze vizuri, maana ndiye kiini cha kesi. Kabla ya masika alileta malori ya kifusi akauinua ua wake. Anayepakana naye kule nyuma alishainua wake mwaka juzi. Wa upande wa barabara alimwaga kokoto. Mtaa wetu umefanya mashindano, kila mwenye uwezo anajipandisha, na maji, yasiyo na haya, yanamtafuta asiyejipandisha. Yamenipata. Nikamwendea kwa adabu.

"Jirani, maji yako yamehamia kwangu."

"Si yangu hayo, ni ya Mungu."

"Mungu kayaleta na ndara za wanao?"

Akazipokea ndara, akashukuru, akaniambia nami ninunue kifusi. Nikinunua kifusi mimi, maji yatakwenda kwa bibi wa nyumba ya chini, mjane, anayeniita mwanangu. Kwa hiyo sikununua, na mtaa mzima umepata bwawa uani kwangu kwa gharama ya heshima yangu kwa mjane. Vyura wamehamia na ukoo. Usiku wanaanza mmoja, anaitikiwa na mia, na mimi nimelala chini ya chandarua nikisikiliza mbu wakisubiri zamu.

Sasa kichekesho cha vichekesho: bwawa ninalo, maji ya kuoga sina. Maji ya bomba yetu yanapandishwa kutoka Baricho, kando ya Sabaki. Mto ukifurika au stima ikikatika huko, bomba linapiga mluzi tu. Bili lakini haijui mafuriko, hiyo hufika ikiwa kavu kabisa. Nikapiga hesabu: paa la mabati la mita 20 za mraba, likinyeshewa milimita 50, linatoa lita 1,000. Pesa inamwagika! Nikanunua tangi, nikaita fundi wa gata. Fundi akafunga gata kwa ustadi, akailalisha upande wa pili, ikawa inapeleka maji kwa jirani. Yule mwenye kifusi. Yeye naye akaweka pipa.

Sasa bata. Mama mkwe alikwenda Lamu kumwangalia dada yake, akaniachia bata wake "kwa muda tu, mwanangu." Kiangazi walikuwa wanyonge, wanahema chini ya mwarobaini, nikawa nahofia wasije wakafia mikononi mwangu nikavunja ndoa. Ilipoanza kunyesha wakafufuka. Bwawa lote limekuwa lao. Wanaogelea, wanameza vyura, wanakula konokono, wananenepa, wanataga hovyo kila pembe, na kinyesi chao ndicho kinachonipokea kila ninapotoka kumbeba mbuzi. Vifaranga wameanguliwa, wanapita ukumbini mstari mmoja chini ya nguo zilizoanikwa. Tangu uhai wangu sijaona viumbe vilivyoridhika namna hii.

Nikaapa kwamba simu ya mama mkwe ikiingia, nitasema ukweli wote. Jana ikaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mvua huko?"

"Ipo, mama."

"Alhamdulillahi, baraka hiyo. Na bata wangu?"

Nikavuta pumzi. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, ananikazia macho. "Wazima, mama. Wameneemeka."

"Nilijua! Nimemwambia dada yangu, mkwe wangu ana mkono wa mifugo. Naye ana mabata mzinga hapa wanamsumbua. Basi Jumamosi nawapakia kwenye basi, uende stendi mapema, wasilowe."