Ngalawa yenye deni la samaki

Kijana mmoja kaniletea ripoti yake ya utafiti nimsomee. Alikaa pale soko la samaki la Deep Sea asubuhi nyingi akipima samaki wanaoshushwa, jua la utosi, madalali wakimfokea apishe njia. Nikafika ukurasa wa matokeo: wigo wa wastani wa samaki kwa chombo, kwa uhakika wa asilimia 95, unaanzia kilo hasi. Hasi! Yaani Tanga hii kuna ngalawa inarudi pwani ikiwa na deni la samaki.

Nikamuuliza mbona hakutumia butistrapu (bootstrap), njia nyingine ya kupata wigo huo. "Dokta anayenisimamia kakataa, kaka. Kasema kompyuta haiwezi kutunga data, nirudi kwenye t." Hiyo t ni fomula ya kawaida ya kupata wigo wa wastani, inayochukulia kwamba data zina umbo la kengele: nyingi katikati, chache pembeni.

Jamani. Butistrapu haitungi chochote. Unachukua vyombo vyako vilevile, unaokota kimoja kwa bahati nasibu, unakirudisha, unaokota tena mpaka idadi itimie, unapiga wastani. Unarudia mara elfu kumi, kisha unatazama wastani hizo zimetawanyika vipi: asilimia 95 za katikati ndizo wigo wako. Mtakwimu Bradley Efron aliyaandika haya mwaka 1979. Huenda Dokta alikuwa hajaanza darasa la kwanza.

Tuseme una vyombo 12. Kumi na moja vimeleta kilo 9 kila kimoja, cha mwisho kimekutana na kundi la vibua kikaleta 128. Wastani ni kilo 19 hivi. Ile t itakupa kuanzia hasi 3 mpaka 41, kwa sababu inatanua kulia na kushoto sawasawa, haijui kwamba kushoto kuna sifuri na sifuri haivukwi. Butistrapu itakupa kama 9 mpaka 39. Sasa nani katunga? Aliyerudia kuokota vyombo alivyoviona kwa macho, au aliyeamua kwamba kilo za wavuvi zina umbo la kengele wakati kila muuza samaki anajua wengi hupata kidogo na mmoja hupata neema?

Haya, nikubali kidogo. Katika mfano huo, zaidi ya theluthi ya marudio hayakigusi kabisa kile chombo cha kilo 128, kwa hiyo jibu zima linaning'inia kwenye bahati ya nahodha mmoja. Sampuli ikiwa ndogo, butistrapu hujiamini kupita kiasi, wigo wake huwa mwembamba mno. Na t haikuzaliwa na upumbavu: Gosset aliitoa mwaka 1908 akiwa kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, akihangaika na sampuli ndogo kwelikweli. Data zikikaribia kengele, itumie, hata mimi naitumia. Wanaosema geuza kilo ziwe logaritimu kwanza ndipo utumie t, nawasikia. Lakini tajiri wa chombo anataka kilo, si logi ya kilo.

Ila vijana nao wasinichoshe. Kuna wanaookota matenga badala ya vyombo, eti wana sampuli 200, ilhali matenga 20 yametoka boti moja, wavu mmoja. Okota chombo kizima pamoja na matenga yake yote. Na kama ni dagaa wa taa, okota mafungu ya siku zinazofuatana, si siku mojamoja, maana usiku wa giza hufuatana na mwingine wa giza. Uliyepima wiki ya giza peke yake, urudi sokoni mbalamwezi ikiwaka. Hiyo hakuna programu ya kompyuta itakayokurekebishia.