Miwani ya Clark Kent: Kuwapima Reeve na Cavill kwa Haki

Kila unapozuka ubishi wa nani aliyeigiza vizuri zaidi uhusika wa Superman, hukumu hutolewa mapema mno: Christopher Reeve alikuwa na tabasamu, Henry Cavill alikuwa na misuli na uso wa kununa, basi Reeve ameshinda. Nami naamini kwamba Reeve ndiye bora, lakini sababu hiyo naikataa, kwa kuwa inampunja Cavill na, lililo baya zaidi, inamshusha Reeve mwenyewe hadi kuwa kijana wa sura njema aliyevalishwa joho jekundu.

Ubora wa Reeve unaonekana zaidi pale asiporuka. Katika filamu ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Richard Donner, Clark Kent, yaani Superman mwenyewe anapojificha nyuma ya miwani na kazi ya uandishi wa habari, anafika nyumbani kwa Lois Lane, mwandishi mwenzake asiyeijua siri hiyo, muda mfupi baada ya Lois kurudishwa kutoka angani na Superman. Lois anakwenda chumbani kujiandaa, na Clark anabaki peke yake sebuleni, mabega yameporomoka, shingo imezama kwenye kola. Kisha anavua miwani. Mgongo unanyooka, kifua kinajaa, kidevu kinainuka, na sauti inayomwita Lois ni nzito na tulivu, kana kwamba mtu mwingine ameingia mle ndani bila kubisha hodi. Lois anaporudi, ujasiri unamtoka Clark. Miwani inarejea usoni, mabega yanashuka, na sauti inapanda tena na kuanza kubabaika. Jambo hilo halichukui hata dakika moja, wala halihitaji kamba ya kumning'iniza mtu hewani. Linafanywa na mwigizaji mrefu ajabu, aliyejijenga mwili kwa mazoezi makali ili asivalishwe misuli ya bandia, kisha akajifunza namna ya kuuficha mwili huohuo ndani ya suti. Tangu Superman alipoletwa mwaka 1938, watu wameuliza inawezekanaje miwani tu ikamficha mtu. Kwa maoni yangu, Reeve ndiye aliyelijibu swali hilo kikamilifu.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Filamu ya kwanza ya Cavill kama Superman, iliyotoka mwaka 2013 chini ya uongozi wa Zack Snyder, haikumpa mtihani huo. Clark wake ni mtu wa kutangatanga, leo yuko kwenye meli ya wavuvi, kesho anahudumu baa, na anapovaa miwani na kuingia ofisini mwa gazeti, filamu inakaribia kuisha na Lois ameshamjua zamani. Mwigizaji hawezi kuvua miwani ambayo hakupewa. Alichopewa Cavill ni upweke, na upweke huo aliubeba vizuri kuliko anavyosifiwa. Mtazame katika chumba cha mahojiano, akiwa amekaa na pingu mikononi. Lois anashangaa kwa nini amekubali kufungwa, naye anaeleza kwa upole kwamba kama pingu zinawafanya walinzi wajisikie salama, basi na ziwepo. Cavill hasemi kwa majigambo wala kwa dharau. Anasema kama mgeni aliyekaa ugenini miaka mingi akijichunga asiwatishe wenyeji. Yeyote aliyewahi kuishi hivyo ataitambua sauti ile.

Tofauti ya waigizaji hawa wawili inajitokeza zaidi tukiviweka pamoja vilio vyao. Reeve anapomtoa Lois kwenye gari lililofukiwa na udongo wa tetemeko na kukuta amekufa, anapiga ukelele unaomtoa katika utulivu wote tuliouzoea, kisha anapaa, anavunja agizo la baba yake la kutoingilia historia ya binadamu na kurudisha wakati nyuma. Cavill naye anapiga ukelele baada ya kumvunja shingo Jenerali Zod, adui aliyetoka sayari moja naye, ndani ya kituo cha treni ili kuinusuru familia iliyokuwa mbele ya macho ya adui huyo, halafu anapiga magoti na kumwegemea Lois. Wapo wanaosema Superman haui, na kwamba tukio hilo lilimharibu mhusika. Hoja yao ina uzito, lakini wanasahau kwamba katika filamu ya mwaka 1980 Superman wa Reeve anamponda mkono Zod ambaye ameshapoteza nguvu, kisha anamtupa shimoni huku akionekana kuridhika. Cavill, kinyume chake, anailipia damu ile kwa uso wake wote, na hakuna wakati wa kurudisha nyuma. Kilio cha Reeve kinafutwa na mwandishi baada ya dakika chache. Cha Cavill kinabaki naye. Kwa kipimo cha tukio hili pekee, naona Cavill amefanya kazi ngumu zaidi.

Kinachonirudisha kwa Reeve ni filamu ya mwaka 2016, ambamo Cavill hatimaye anaingia kazini akiwa na miwani. Anabishana na mhariri wake, anakutana na Bruce Wayne, yaani Batman, kwenye hafla ya tajiri Lex Luthor, adui wa Superman, na muda wote huo anasimama vilevile na kuzungumza kwa sauti ileile. Hapa lawama haiwezi kubebwa na mwongozaji peke yake, kwani namna ya kushusha bega ni uamuzi wa mwigizaji pia. David Corenswet, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 2025, alipewa njia nyingine: Lois ni mpenzi wake na anaijua siri, kwa hiyo anapokubali kuhojiwa naye nyumbani kama Superman, yule steringi anaanza kwa kujiamini, kisha anajitetea, anapandwa na hasira na kuikatisha shughuli. Corenswet hakumwiga Reeve, ila alielewa kwamba mhusika huyu anapimwa sebuleni, mbele ya mwanamke anayemuuliza maswali, na kwamba mtazamaji lazima aone mwilini mwake ni lini mmoja anaondoka na mwingine anaingia.