Gerrard na pengo alilokuwa akiliacha nyuma yake

Anfield, Aprili 27, 2014, dakika za majeruhi za kipindi cha kwanza. Beki Mamadou Sakho anamsogezea Steven Gerrard, nahodha wa Liverpool, pasi nyepesi karibu na mstari wa katikati. Mpira unapita chini ya kiatu, Gerrard anageuka kuukimbilia, mguu unateleza, chini. Demba Ba wa Chelsea anauokota, anakwenda nao peke yake hadi kwa kipa Simon Mignolet na kufunga. Chelsea wakashinda 2-0, Manchester City wakatwaa ubingwa kwa pointi 86 dhidi ya 84 za Liverpool, na tangu siku hiyo kila ubishi kuhusu Gerrard huanzia hapo na kuishia hapo.

Mimi naona wabishi wa pande zote wanakodolea macho dakika ambayo haituambii mengi. Kuteleza ni ajali. Ingeweza kumkuta yeyote. Kinachonishughulisha ni kilichofuata. Kipindi cha pili karibu chote Gerrard alikuwa akifyatua mashuti ya mbali, moja baada ya jingine, huku Chelsea ya José Mourinho, iliyokuwa imepumzisha wachezaji kadhaa kwa ajili ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, imejazana mbele ya goli lake. Liverpool hawakulazimika hata kushinda. Walianza siku hiyo na pointi 80. Sare, kisha ushindi katika mechi mbili zilizobaki, ingewafikisha 87, na City hata wakishinda zote wasingevuka 86. Kilichohitajika ni bao moja, na dakika 45 zilikuwepo za kulitafuta kwa subira. Nahodha akataka kulirudisha mwenyewe, kwa mguu wake, hapohapo.

Ndipo linapokuja swali ninaloliona zito kuliko lile la kuteleza. Je, ushujaa wa Gerrard ndio ulioibeba Liverpool miaka yote ile, au ulikuwa sehemu ya sababu ya timu hiyo kubeba makombe ya mtoano huku ligi ikiipiga chenga?

Wanaomtetea wana hoja nzito, tena si za mapenzi matupu. Mtoto wa Huyton, pembeni ya jiji la Liverpool, aliingia akademi ya klabu akiwa na miaka tisa. Akacheza mechi yake ya kwanza Novemba 1998, akapewa unahodha 2003 akiwa na miaka 23, akaondoka 2015 na mechi 710 na mabao 186. Alifunga katika fainali ya Kombe la UEFA (2001), Kombe la Ligi (2003), Ligi ya Mabingwa (2005) na Kombe la FA (2006). Mtafute kiungo mwingine mwenye orodha hiyo.

Halafu tazama aliokuwa nao. Msimu wa 2004/05 Liverpool walimaliza ligi nafasi ya tano kwa pointi 58, nyuma ya Everton, majirani zao, na pointi 37 chini ya Chelsea mabingwa. Kikosi hichohicho kikawa bingwa wa Ulaya. Na kingetolewa mapema Desemba 8, 2004, usiku walipohitaji kuifunga Olympiacos kwa tofauti ya mabao mawili baada ya Rivaldo kuwatanguliza Wagiriki. Ubao ukisoma 2-1, zimebaki dakika nne hivi, Neil Mellor akaushusha mpira kwa kichwa nje ya eneo la hatari, Gerrard akaukuta unadunda, akaupiga ukajaa kona ya chini. Ukimwambia shabiki aliyekuwa uwanjani usiku ule kwamba nahodha wake hakuwa na nidhamu ya nafasi, yaani ya kukaa pale alipopangwa, atakuuliza nidhamu ya nafasi ingemsaidia nini dakika ile. Na atakuwa na haki.

Lakini hebu twende Istanbul, Mei 25, 2005, kwa sababu fainali ile ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Milan kila upande huitumia kama ushahidi wake. Wengi wanakumbuka kichwa cha dakika ya 54, mikono ikiwapungia mashabiki waamke, kisha bao la Vladimir Šmicer, kisha penalti aliyoipata Gerrard mwenyewe baada ya Gennaro Gattuso kumchezea rafu, Xabi Alonso akaimalizia kwa mpira uliorudi. Mabao matatu ndani ya dakika sita. Kinachosahaulika ni jinsi Milan walivyofika 3-0. Kipindi cha kwanza Gerrard na Alonso walicheza katikati wawili, na Kaká alipita baina yao kama mlango umeachwa wazi. Mapumziko kocha Rafael Benítez akamtoa beki Steve Finnan na kumwingiza Dietmar Hamann, kiungo wa kukaa mbele ya mabeki. Hamann akakaa. Ndipo Gerrard akapata ruhusa ya kupanda, na Istanbul tunayoisimulia ikaanza. Yaani shujaa alihitaji kwanza mtu wa kufunga mlango.

Benítez aliliona hilo mapema na kulifanyia kazi kwa ukaidi uliowaudhi mashabiki wengi. Msimu wa 2005/06 alimpeleka Gerrard winga ya kulia mara nyingi. Watu wakalalamika kwamba kiungo bora wa nchi anapotezwa pembeni. Kiungo aliyepotezwa akafunga mabao 23 na kuchaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa mwaka Uingereza. Msimu wa 2008/09 akamweka nyuma ya Fernando Torres, huku Alonso na Javier Mascherano wakishika katikati. Gerrard akafunga 24, Liverpool wakapoteza mechi mbili tu za ligi na kufikisha pointi 86, nne pungufu ya Manchester United. Kwa hiyo misimu yake miwili iliyong'aa zaidi mbele ya goli, mtu tunayemwita kiungo wa enzi yake hakuwa anacheza kiungo cha kati. Nadhani mpaka leo mashabiki wa Anfield hawajamsamehe kabisa Benítez kwa kuwa sahihi katika jambo hili.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana hoja hii ikivutwa sana inakatika. Kiangazi cha 2009 Alonso aliuzwa Real Madrid, na msimu uliofuata Liverpool wakaporomoka hadi nafasi ya saba, Gerrard yuleyule akiwepo. Wapinzani wake husema: mmeona, peke yake hawezi. Lakini ni kiungo gani anayeweza peke yake? Pasi zile ndefu alizolaumiwa nazo, za mita arobaini kutoka bawa hadi bawa, mara nyingi zilitoka kwa sababu hapakuwa na mtu karibu wa kupewa pasi fupi. Mchezaji huzoea tiba aliyolazimishwa. Miaka kumi ukiambiwa kila Jumamosi kwamba usipofunga wewe hafungi mtu, mwili unajifunza kutomngoja mwenzako.

Ndiyo maana suala la Chelsea silipi uzito linalopewa. Julai 2005, wiki chache baada ya Istanbul, Chelsea wakimtaka, aliomba kuondoka, mashabiki wakachoma jezi yake, na kabla jua halijazama mara ya pili akawa amebadili mawazo. Angehama angekuwa na medali za ligi, hilo halina ubishi. Lakini medali hizo zisingejibu swali letu. Zingetuonyesha tu kwamba ukiwa na Claude Makélélé, kiungo mkabaji wa Chelsea, nyuma yako maisha ni mepesi.

Turudi 2014 basi. Gerrard akiwa na miaka 33 alichezeshwa na kocha Brendan Rodgers chini kabisa, mbele ya mabeki, ili agawe mipira kwa Luis Suárez, Daniel Sturridge na Raheem Sterling. Mbele mambo yalikuwa moto: mabao 101. Nyuma waliruhusu 50, na hakuna timu inayobeba ubingwa kirahisi namna hiyo. Siku nane baada ya kuteleza waliongoza 3-0 dhidi ya Crystal Palace hadi dakika ya 79 na kumaliza 3-3. Hakuna aliyeteleza siku ile. Walikuwa wakikimbilia mabao ya kupunguza pengo la mabao na City, katikati hakuna wa kusema tutulie. Wanaomtwisha Gerrard ubingwa ule kwa sababu ya mguu mmoja wanamwonea. Wanaosema hakuhusika na kilichoisibu timu ile wanamdekeza. Alikuwa amewekwa pale pa Hamann, na moyo wake haukuwahi kuwa wa Hamann.

Ukitaka kuuona moyo huo kwa ufupi, chukua Machi 22, 2015, mwaka wake wa mwisho. Aliingia kipindi cha pili dhidi ya United akitokea benchi, timu iko nyuma kwa bao, yeye kaja kubadilisha mchezo. Ndani ya sekunde 38 alikuwa amemkanyaga Ander Herrera na kuonyeshwa kadi nyekundu.

Ningeishia hapo kama asingekuwa kocha. Aston Villa kazi ilimshinda, akafukuzwa Oktoba 2022 kabla ya kutimiza mwaka. Lakini kabla ya hapo alikuwa Rangers, na msimu wa 2020/21 aliwapa ubingwa wa kwanza wa Scotland baada ya miaka kumi, akiwanyima Celtic taji la kumi mfululizo. Mechi 38 bila kupoteza hata moja, pointi 102, mabao 13 tu ya kufungwa. Mtu aliyewahi kuzima moto kila wiki alijenga nyumba isiyoungua. Na katikati ya uwanja, pale ambapo ungetarajia atafute Gerrard mwingine, alikuwa akimpanga Steven Davis, mwenye miaka 36, mzee wa pasi fupi ambaye ukimtafuta utamkuta palepale ulipomwacha.